Mangareva: Kisiwa cha Padri Laval

Wasomaji wetu wamekwisha kusikia mara nyingi habari za Mtakatifu Damiano, padri Mbelgiji aliyewahudumia wenye ukoma katika kisiwa cha Molokai, akafa kwa ugonjwa wao mwaka 1889. Jina lake linajulikana kwetu kama jina la jirani. Lakini wachache wanajua ya kuwa miaka sita mbele ya kuzaliwa kwake, mapadri wawili wa shirika lake, Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria, walishuka katika kisiwa kingine cha bahari ile ile ya Pasifiki, mbali sana upande wa kusini. Kisiwa hicho ni Mangareva. Damiano anasifiwa na watu wote, hata na wasio Wakristu. Padri wa Mangareva, Honoré Laval, anagombaniwa hata leo. Wengine wanamwita mtume wa kweli. Wengine wanamwita mtu mkali aliyeangamiza taifa zima kwa kuwabebesha mawe ya kanisa.

Tumeona yafaa tuwapeleke wasomaji wetu kule kisiwani, si kwa merikebu bali kwa njia ya vitabu, maana sisi wenyewe hatujakanyaga mchanga wake. Tukitazame kwanza kisiwa, halafu tuulize: katika maneno hayo mawili, kweli ni ipi?

Mtu anayetoka Tahiti kwenda kusini-mashariki husafiri kilometa 1,600 na zaidi. Njiani anapita visiwa vya mchanga vilivyo chini kabisa, kama sahani zilizowekwa juu ya maji. Mwishoni anaona milima. Ndivyo visiwa vya Gambier: vinne vikubwa, Mangareva, Taravai, Aukena na Akamaru, na vingine vidogo, vyote ndani ya mwamba mmoja unaovizunguka kama boma linavyozunguka kijiji. Inje ya mwamba mawimbi ya bahari kuu yanapiga mchana na usiku. Ndani yake maji yametulia, tena yanang'aa, hapa rangi ya majani mabichi, pale rangi ya mbingu. Mangareva ni kikubwa kuliko vyote, na hata hivyo hakifiki kilometa za mraba 20. Katekista wetu anayezunguka vijiji vyake kwa baiskeli hutembea kwa siku moja mbali kuliko urefu wa kisiwa kile. Mlima wake mrefu una mita 441. Wazungu wanauita Duff, kwa jina la merikebu ya Waingereza iliyopita pale mwaka 1797. Wenyeji wanauita Auorotini.

Msomaji asidhani ya kuwa ilikuwa paradiso. Bahari ilikuwa tajiri: samaki wengi, na chaza wakubwa wenye lulu. Lakini inchi kavu ilikuwa imechoka. Wazee wa kale waliofika kwa mitumbwi, karibu miaka elfu moja iliyopita, walikuta misitu. Wakaikata, wakaichoma, wakalima. Hapo mwanzo walijua kusafiri mbali. Walifanya biashara na kisiwa cha Pitcairn, kilometa zaidi ya mia tano: mawe ya shoka yalitoka kule, magamba ya chaza yalikwenda kule. Halafu safari hizo zikakoma. Wazungu walipofika hawakuona tena mitumbwi mikubwa, bali chelezo tu, maana yake magogo yaliyofungwa pamoja kwa kamba. Miti ya kuchongea mitumbwi ilikuwa imekwisha. Tunasema neno hili kwa sababu watu hupenda kufikiri ya kuwa uharibifu wote wa visiwa ulianza siku ya kufika Mzungu. Kumbe wenyeji nao walikuwa na historia yao, pamoja na makosa yao, kama sisi sote.

Chakula chao kikubwa kilikuwa tunda la mti ambao watu wa pwani ya Afrika ya mashariki huuita mshelisheli. Ni tunda kubwa kama kichwa cha mtoto, nyama yake nyeupe, hupikwa au kuchomwa kama kiazi. Kwa kuwa tunda hilo huiva kwa majira tu, walichimba mashimo, wakatandika majani, wakalijaza tunda lililomenywa, wakalifunika liozeshwe na kukaa muda mrefu. Kila mtu wa kwetu anayekula bukari ya muhogo uliolowekwa ataelewa mara moja: wazungu walisema linanuka, wenye njaa walisema ni uzima. Nao mwaka ambao mishelisheli haikuzaa vizuri ulikuwa mwaka wa njaa na vita. Aliyekuwa na mashimo ya chakula ndiye aliyekuwa na watu.

Juu ya watu wote alikuwa mfalme, akariki. Chini yake wakubwa wenye mashamba, na chini kabisa watu wa bure wasio na kitu. Walikuwa na makuhani wa miungu, nao waliitwa taura. Walikuwa pia na walimu wa kumbukumbu, waitwao rongorongo, ambao kazi yao ilikuwa kushika kwa kichwa nyimbo, ukoo wa wafalme na habari za kale, bila kukosa neno. Mungu wao mkubwa aliitwa Tu, bwana wa mti wa mshelisheli; wa pili Rongo, aliyeleta mvua, na upinde wa mvua ulikuwa alama yake. Hapo tunaona ya kuwa dini yao haikuwa mchezo wa ujinga. Iliwashika watu mahali pa shida yao: kula, mvua, na kufa.

Mbele ya mapadri, wageni wengine walikuwa wamepita. Mwanzoni mwa mwaka 1826 merikebu ya vita ya Waingereza, Blossom, ilitia nanga pale. Waligombana na wenyeji, bunduki zikalia. Nyuma yao wakaja watafuta lulu. Basi watu wa Mangareva walipowaona Wazungu wengine katika mwezi wa nane wa mwaka 1834, walikuwa na sababu ya kutowapokea vizuri.

Safari hii walikuwa watatu: Padri Honoré Laval, mwana wa jimbo la Chartres katika Ufaransa, mwenye umri wa miaka 26, Padri François Caret, aliyemzidi kwa miaka michache, na mtawa mmoja asiye padri, Columba Murphy, mtu wa Irlandi. Hawakuwa na askari. Hawakuwa na mali ya kuhonga. Siku ya Kupalizwa mbinguni Bikira Maria, tarehe 15 Agosti 1834, walisoma Misa ya kwanza, wakaweka visiwa vyote chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Amani. Mfalme Te Maputeoa alikuwa kijana. Hakuwafukuza, lakini hakuwataka karibu yake. Wakaenda kukaa katika visiwa vidogo, Aukena na Akamaru.

Ni kule, kwa watu wadogo, dini ilianza. Neno hilo halitushangazi. Mapadri waliuguza wagonjwa, walijifunza lugha kwa bidii kubwa, na ndani ya miezi michache waliweza kufundisha bila mkalimani. Halafu akaja mtu ambaye bila yeye mambo yangekwenda kwa njia nyingine: Matua, kuhani mkuu wa Mangareva, jamaa ya mfalme. Matua alisikiliza, aliuliza maswali, akaamini. Na alipoamini, wengi waliona ya kuwa miungu imekwisha kuachwa na mlinzi wao mwenyewe. Mwaka 1835 alifika Askofu Rouchouze pamoja na mapadri wengine. Tarehe 25 Agosti 1836, miaka miwili kamili na siku chache tangu kufika kwa Laval, mfalme Te Maputeoa alibatizwa, akaitwa Gregorio, kwa heshima ya Baba Mtakatifu Gregorio XVI. Hapo taifa zima likaingia.

Hekalu zilibomolewa na sanamu zikachomwa. Nyingi zilichomwa na wenyeji wenyewe, lakini mapadri walifurahi kuona moto ule, na Laval hakuficha furaha yake. Chache ziliponea kwa sababu mapadri walizituma Ulaya kama ushuhuda wa ushindi. Moja ya mungu Tu iko Vatikano hata leo, na zote zinazojulikana duniani ni za kuhesabika kwa vidole. Mafundi wa sanamu siku hizi husafiri mbali kuzitazama, kwa maana uzuri wake ni wa ajabu: mwili mwembamba wa mti uliolainishwa, umesimama kimya. Tusimhukumu Laval kwa macho ya leo peke yake. Alisoma katika Maandiko habari za Elia na Baali, akafikiri yuko mahali pale pale. Lakini tunaweza kusikitika, na tunasikitika.

Sasa tunafika kwenye mawe.

Tangu mwaka 1839 katika kijiji cha Rikitea, mahali pa mfalme, lilianza kujengwa kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Mawe yalikatwa katika matumbawe, ni mawe ya bahari yanayojengwa na vidudu vidogo vingi. Watu walikwenda juu ya chelezo mpaka mwambani, wakakata vipande, wakavileta pwani, wakavichonga. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe yale yale. Ndugu watawa waliojua useremala na uashi waliongoza kazi. Ndani, altare ilipambwa kwa magamba ya chaza yanayong'aa kama mbalamwezi. Kanisa hilo linaweza kupokea watu zaidi ya elfu moja. Nalo lingali limesimama, limetengenezwa upya katika karne hii ya 21. Makanisa mengine yalijengwa Aukena, Akamaru na Taravai. Tena shule, nyumba za kufumia nguo za pamba, kinara cha walinzi, jela, nyumba ya mfalme, na juu ya mlima wa Rikitea nyumba ya masista iitwayo Rouru, mahali walipokaa wasichana na wajane wengi chini ya utaratibu wa sala na kazi. Wanaohesabu majengo yote ya mawe ya wakati ule husema yanapita mia moja. Mia moja, katika visiwa vyenye watu elfu mbili na kitu!

Je, walijenga kwa mapenzi au kwa lazima? Hilo ndilo swali la wanaomshitaki Laval. Sisi Wakongo hatuwezi kulipuuza. Wazee wetu walilima pamba ya lazima, walitengeneza barabara bila mshahara. Tunajua ya kuwa mtu anaweza kuimba huku anabeba, na wimbo usiwe alama ya furaha. Kwa upande mwingine, wengi walioandika juu ya mateso ya Mangareva waliandika miaka sitini au mia moja nyuma ya mambo, tena mara nyingi kwa kuwasimulia watalii habari ya kushitua. Kitabu kimoja cha Mmarekani, kilichotoka mwaka 1931, ndicho kilichoeneza hasa sura ya padri mwendawazimu. Katika mwezi wa nane wa mwaka 1838 msafiri maarufu Dumont d'Urville alipita na merikebu zake mbili. Aliona watu waliovaa nguo, waliolima na kusali, na hakuona taifa la watumwa. Lakini yeye naye alikaa siku chache tu, na mgeni wa siku chache huona kile ambacho mwenyeji wake anataka akione.

Tukipima yote, twafikiri hivi. Ujenzi wa kwanza ulikuwa kazi ya mfalme kama vile ya misioni. Katika Mangareva ya kale mfalme akiita watu kujenga hekalu, watu walikuja. Chakula kilitoka kwa mfalme, sifa ilibaki kwake. Te Maputeoa mkristu aliita watu kama baba zake walivyoita. Tena watu walipata ufundi wa kweli: waashi wa Mangareva waliitwa hata Tahiti kujenga. Lakini mfalme alikufa mwaka 1857, naye amezikwa katika kanisa dogo la makaburi juu ya Rikitea. Nyuma yake alitawala mjane wake, Maria Eutokia, na shauri la kila jambo likawa la Padri Laval. Kazi ikaendelea: kanisa la Taravai lilimalizika mwaka 1868. Mambo ambayo mbele yaliagizwa na mfalme, sasa watu walijua yanatoka wapi.

Na si mawe tu. Sheria za kisiwa ziliandikwa kwa shauri la mapadri. Aliyelewa aliadhibiwa. Aliyevunja sheria ya ndoa alifungwa jela. Tazama shida yake: padri huyo huyo anayeketi katika kitubio, kesho yake anajulikana kuwa sauti ya hukumu. Mkristu atafunguaje moyo wake? Atasema dhambi yake kwa baba, au kwa mwenye funguo za jela? Hatusemi ya kuwa Laval alitumia siri ya kitubio. Hakuna ushuhuda wa namna hiyo, na kosa kama hilo lisizushwe hata kidogo. Tunasema tu ya kuwa alijiweka mahali ambapo hata padri mtakatifu angeharibikiwa.

Wasomaji wetu wa pembeni ya ziwa Tanganika wasidhani ya kuwa ni mambo ya visiwa vya mbali peke yake. Mpala na kandokando yake palikuwa na miaka ambapo misioni ilishika utawala, na Kapiteni Joubert, aliyefika mwaka 1887, alilinda watu kwa bunduki na kukata kesi zao. Pale sababu ilionekana wazi: wawinda watumwa walikuwa mlangoni. Mangareva nako palikuwa na sababu, nayo ilikuwa lulu.

Wachuuzi walitoka Valparaíso na Tahiti. Walitaka kununua lulu na magamba yake kwa bei ya chini, walipe kwa pombe na vitambaa. Mapadri waliwafundisha watu bei ya kweli, wakaweka sheria ya kuwazuia wageni kukaa ovyo. Mchuuzi aliyeudhika hakukosa pa kwenda: alikwenda Tahiti kwa gavana wa Kifaransa. Te Maputeoa alikuwa ameomba ulinzi wa Ufaransa tangu mwaka 1844, na sasa ulinzi huo ukageuka mzigo. Katika miaka ya 1860 serikali ya Tahiti iliwapa wachuuzi haki, ikawatoza watu wa Mangareva fidia ya franka zaidi ya laki moja. Taifa la wavuvi lingezipata wapi? Lulu zao zililipa. Wakuu wa Tahiti waliandika barua nyingi juu ya udikteta wa Padri Laval. Sehemu ya barua hizo ilikuwa kweli. Sehemu nyingine iliandikwa kwa wino wa wachuuzi. Mwaka 1871 Askofu Jaussen wa Tahiti, ambaye kwa muda mrefu alikuwa amemtetea, alimwita Laval atoke Mangareva akae Tahiti. Alitii. Alikuwa na miaka 63, na karibu miaka 37 yake ilikuwa imepita kule. Alikufa Tahiti tarehe 1 Novemba 1880. Mwaka uliofuata, 1881, Ufaransa ilivitwaa visiwa kabisa, na ufalme ukaisha.

Lakini bado hatujasema neno gumu kuliko yote. Mapadri walipofika walikuta watu zaidi ya elfu mbili. Mbele ya karne ile kwisha, walibaki watu mia tano hivi. Katika kila familia nne, tatu zimekwenda kaburini au zimehama. Hapo ndipo wasimulizi wanapoonyesha kanisa kubwa tupu la Rikitea na kusema: liliwaua.

Hesabu ya watu ni kweli. Sababu wanayoitoa si kweli. Mawe hayaui taifa kwa namna ile. Katika bahari yote ya Pasifiki, wakati ule ule, visiwa vilikuwa vinakufa: visiwa vya Marquises, ambapo misioni haikuwahi kushika utawala na karibu hakuna kanisa kubwa lililojengwa, vilipoteza watu wengi kuliko hata Mangareva. Aliyeua ni kifua kikuu, na magonjwa mengine yaliyofika kwa merikebu, kwa watu ambao damu yao haikuyazoea. Mabaharia waliyaleta, wachuuzi waliyaleta, na bila shaka mapadri na watawa wao pia waliyaleta bila kujua. Mgonjwa mmoja wa kifua katika nyumba ya wengi anatosha. Hapa nyumba ya Rouru inatutia wasiwasi: wasichana wengi waliolala pahali pamoja, juu ya mlima wenye unyevu, katika wakati ambapo kifua kikuu kilikuwa kisiwani. Tena wasichana hao hawakuzaa. Kwa taifa kubwa, watawa hamsini au sitini ni neema. Kwa taifa dogo linalokufa, mtu angeweza kuuliza swali. Laval hakuuliza. Yeye aliandika vifo kimoja kimoja, kwa jina na kwa sakramenti waliyopata, akawashukuru kwa kufa vizuri. Alipenda watu wale, jambo hilo halina shaka. Aliwapenda kama mtu anavyopenda watoto wake wadogo, na hakutaka wakue.

Tunalo shitaka letu wenyewe, ambalo wachuuzi hawakulitaja. Mtoto wa kwanza wa Mangareva kupata upadirisho aliitwa Tiripone Putairi. Aliupata tarehe 24 Desemba 1874. Msomaji ahesabu: miaka arobaini nyuma ya Misa ya kwanza, na miaka mitatu nyuma ya kuondoka kwa Laval. Shule ya Aukena ilikuwa imefunguliwa tangu mwanzo, na watoto walisoma hata Kilatini kidogo, waashi, wafumaji, waimbaji walipatikana upesi, padri hakupatikana. Padri Putairi alikufa mwaka 1881, kijana bado. Kwetu Congo, tangu Mapadri Weupe kufika Mpala mwaka 1885 mpaka upadirisho wa Stefano Kaoze tarehe 21 Julai 1917, ni miaka 32, nasi twaona ilikuwa mirefu. Kule yule mmoja alikufa, na taifa lililomzaa lilikuwa limebaki mkono mmoja.

Hata hivyo, kuna jambo la mwisho katika maisha ya Laval ambalo washitaki wake hulisahau, na bila jambo hilo sisi tusingekuwa na la kuandika. Mtu huyu aliyefurahia kuchomwa kwa sanamu alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu. Aliketi na wazee, na Matua kuhani wa zamani, na walimu wa kumbukumbu waliobatizwa. Akawauliza majina ya miungu, nyimbo za maziko, ukoo wa wafalme, sheria za mavuno, habari za vita na safari za wazee. Wakamjibu. Pengine walikuwa na furaha kuona mtu anayeandika mambo ambayo vijana hawakuyasikiliza tena. Maandiko yake yalikaa kwa watawa wenzake miaka na miaka. Yale yanayohusu dunia ya kale ya Mangareva yalipigwa chapa Ubelgiji, mjini Braine-le-Comte, mwaka 1938. Kumbukumbu zake za misioni zilitoka mwaka 1968 tu, na ndani yake anaonekana mzima mzima: mkali, mwepesi wa hasira, mwenye kicheko wakati mwingine, asiyeona shaka hata siku moja.

Mwaka 1934, miaka mia kamili tangu ile Misa ya kwanza, alifika Mangareva mtaalamu aitwaye Te Rangi Hiroa, mwana wa mama Mmaori wa New Zealand. Kwa jina la Kizungu aliitwa Peter Buck. Alikuwa mtu wa jamaa ile ile kubwa ya Wapolinesia, naye lugha ya kisiwa ilimwingia upesi kama lugha ya binamu. Alikuwa na habari za maandiko ya Laval, akayatumia sana katika kitabu chake kikubwa juu ya Mangareva. Hakumsifu kwa moto wa sanamu, wala hakumnyima shukrani kwa kalamu yake. Alidhani atakuta kimya. Lakini wazee wachache walikuwa bado wanajua nyimbo za zamani, na mama mzee mmoja alimwimbia nyingi, siku kwa siku, naye akaziandika.

Leo visiwa vya Gambier vina watu 1,500 na zaidi kidogo, na wengi wao hulima lulu nyeusi baharini kama sisi tunavyolima shamba. Ni Wakatoliki. Wamepata mateso mengine ambayo Laval hakuyaota: tarehe 2 Julai 1966 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomu katika kisiwa cha Moruroa, kilometa 400 hivi kutoka kwao, upepo ukaleta vumbi lake juu ya Rikitea, na watu hawakuambiwa. Walikula samaki na majani ya bustani kama kawaida. Jumapili, kengele ya Mtakatifu Mikaeli inapopigwa, wanaingia katika kanisa lile ambalo wageni wanaliona kubwa kupita kiasi. Wanaketi upande wa mbele, na wanaimba kwa sauti nne, kwa Kimangareva.